Soketi janja ni kitu gani, na inaweza kuwasha nini hasa

Mama mdogo alikuja kutoka Kondoa, akafikia kwangu hapa Ilazo, Dodoma. Ilipogonga saa moja usiku, taa ya mezani iliyo pembeni ya kochi ilitoa kamlio kadogo, "tik", ikawaka. Sebuleni tulikuwa wawili tu na hakuna aliyeinuka.

"Nani amewasha?"

Nikamwonyesha kidude cheupe kilichochomekwa ukutani, nyuma ya kochi.

"Hicho si chaja?"

"Hapana, mama mdogo. Ni soketi janja."

"Janja kivipi?"

Nilimjibu kwa haraka, jibu la hovyo. Hapa nalijibu swali lake vizuri.

Tuanze na jina. Kwa lugha ya mafundi, plagi ni kile kichwa chenye pini mwishoni mwa waya, na soketi ni yale matundu ya ukutani. Kidude hiki ni vyote viwili. Mgongoni kina plagi, unakichomeka ukutani. Usoni kina soketi, unachomeka taa au feni yako. Kinakaa katikati, mlangoni pa umeme, kikiruhusu au kuzuia. Kwa hiyo anayekiita plagi janja na anayekiita soketi janja wote wamepatia. Tatizo langu ni hilo la pili, "janja", tuliloliazima kwenye simu janja. Mjanja ni mtu anayeona mambo na kujiongeza. Kidude hiki hakioni chochote. Hakijui kama kimechomekewa taa au pasi, wala kama nyumbani kuna mtu. Kinatii amri, basi. Ningepewa nafasi ya kukibatiza ningekiita soketi tiifu, na nusu ya makosa ambayo watu hufanya nayo yasingetokea.

Ukikifungua ndani (usikifungue kikiwa ukutani) utakuta vitu vitatu. Cha kwanza ni relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme badala ya kidole. Ule mlio wa "tik" ni wake. Relei ni teknolojia ya zamani, ilikuwapo tangu enzi za telegrafu katika karne ya 19. Cha pili ni chipu ya Wi-Fi inayoiamuru relei. Cha tatu ni sakiti ndogo inayoshusha volti 230 za ukutani hadi volti chache ambazo chipu inaweza kuzivumilia. Wazo la kuwasha vitu kutoka mbali nalo si la jana: mwaka 1975 kampuni moja ya Scotland ilibuni mfumo wa X10, uliopitisha amri kwenye nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Kilichobadilika ni bei. Mwaka 2014 Espressif ya Shanghai ilitoa chipu ya Wi-Fi iitwayo ESP8266, rahisi kiasi kwamba viwanda vingi viliweza kuitia ndani ya soketi, balbu na swichi.

Sasa amri inasafiri vipi? Tuseme uko kwenye treni ya SGR, umeshaipita Morogoro kuelekea Dar, na moyo unakwambia pasi haikuzimwa. Unafungua programu kwenye simu, unabonyeza zima. Amri inapanda kwenye mtandao wa simu, inakwenda kwenye seva, yaani kompyuta za mtengenezaji, pengine bara jingine kabisa, inageuka na kushuka hadi kwenye ruta (kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi) ya nyumbani kwako Dodoma, ndipo soketi inaisikia. Safari yote hiyo kwa kawaida ni kama sekunde moja, mtandao ukiwa mzuri.

Lakini angalia hapo kwenye ruta. Nyumba nyingi ninazozijua hapa mjini hazina ruta. Zina hotspot ya simu ya baba. Baba akienda kazini Mtumba, Wi-Fi imeondoka naye mfukoni, na soketi imebaki yatima. Wengi huinunua, wakaiunganisha jioni kwa furaha, kesho yake wakiwa ofisini programu inawaambia kifaa hakipo hewani, wakasema wameuziwa feki. Si feki. Soketi ya Wi-Fi inataka Wi-Fi isiyohama nyumbani: ruta iliyowashwa muda wote na yenye bando. Bando lenyewe haliliwi sana, maana amri ni data ndogo mno, lakini lisipokuwepo kabisa amri ya kutoka mbali haifiki. Ratiba ulizokwisha kuziweka, kwenye soketi nyingi, huendelea kwa sababu zimehifadhiwa ndani yake. Na ubavuni kuna kitufe cha kubonyeza kwa kidole, hicho hakihitaji intaneti ya mtu.

Jambo jingine la ruta: soketi nyingi husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu. Ruta mpya hutoa pia 5, na simu yako ikiwa imeng'ang'ania huko, programu inaweza kuitafuta soketi isiione. Rudisha simu kwenye 2.4, shikilia kitufe cha soketi sekunde kama tano mpaka kitaa chake kipepese harakaharaka, kisha anza upya.

Halafu kuna saa, na hili ni letu sisi Waswahili. Rafiki yangu wa Nkuhungu alitaka taa ya nje iwake saa kumi na mbili na nusu jioni. Akaandika 12:30. Taa ikawa inawaka saa sita na nusu mchana, jua la Dodoma likiwa utosini, na usiku kiza kimya. Programu inahesabu kuanzia usiku wa manane: saa kumi na mbili na nusu jioni ni 18:30, saa moja usiku ni 19:00. Ukikuta taa inakosea kwa saa sita, umeandika kwa Kiswahili. Ikikosea kwa saa tano, kagua mahali programu inapodhani upo. China wako mbele yetu kwa saa tano.

Je, kila kifaa kinakubali? Hapana, na kuna jaribio la kufanya bure kabla hujatoa hela. Washa kifaa chako, kisha uchomoe plagi ukutani kikiwa bado kimewashwa. Subiri kidogo, chomeka tena. Kikianza chenyewe, soketi janja inaweza kukiwasha na kukizima. Kikikaa kimya kikisubiri ubonyeze, soketi itaweza kukizima tu, kukiwasha haitaweza. Feni ya swichi za kubonyeza hadi ndani hupita. Taa ya mezani hupita. Feni ya rimoti mara nyingi hufeli, mashine ya kufulia ya vitufe vya kugusa nayo vilevile. Friji itapita jaribio, lakini mimi siiwekei. Kompresa haipendi kuzimwa na kuwashwa papo hapo, na soketi janja si kile kifaa cha kulinda friji ambacho husubiri dakika chache umeme ukirudi.

Pampu ndiyo ilinifundisha. Dodoma maji ni ya kuhesabu. Kwangu, kama kwa wengi, yanakuja kwa zamu, yanajaa kwenye simtanki ya chini, kisha pampu inayapandisha kwenye simtanki ya juu ya stendi. Nikajiona fundi. Nikachomeka pampu ya nusu hospawa kwenye soketi janja, nikaweka ratiba: 02:00 washa, 03:00 zima, niamke tanki la juu limejaa. Wiki tatu nilikuwa nawasimulia majirani. Wiki ya nne maji hayakuja siku mbili, tanki la chini likakauka, na saa nane usiku soketi ikatii kama ilivyoamriwa. Pampu ikazunguka kavu saa nzima. Asubuhi nikakuta sili yake, ile inayozuia maji yasivuje, imeyeyuka.

Fundi alipokuja alinionyesha na kosa la pili, ambalo mimi sikuliona. Mota ya pampu inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaovuta ikishakolea. Vidomo vya relei ndogo, zile ncha zinazogusana kupitisha umeme, vikipigwa na mshindo huo kila usiku, huungua, na siku moja vinagandana. Vikigandana soketi itatoa "tik", programu itaonyesha imezimwa, na pampu itaendelea kunguruma. Dawa yake ni kontakta, yaani relei kubwa ya kubeba mota: soketi inaamuru kontakta, na kontakta yenye vidomo vya maana ndiyo inayobeba pampu. Kisha floti, yaani swichi inayoelea, ndani ya tanki la chini, ili maji yakiisha pampu ikatike bila kumuuliza mtu. Sasa hivi pampu yangu ina floti na kontakta, na soketi janja nimeitoa kabisa. Floti inajua kama maji yapo. Ile soketi haikuwahi kujua.

Kuhusu taa za darini, watu huuliza sana, na jibu linawaudhi: soketi janja haizihusu, kwa sababu taa ya dari haichomekwi popote. Hapo kuna balbu janja au swichi janja. Balbu ni rahisi kufunga, unaizungusha tu kwenye holda, ila swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa muda wote. Jaribu kuwaeleza hilo watoto waliolelewa kwa "zima taa unapotoka". Swichi janja ni nzuri zaidi kwa nyumba yenye watu, maana kila mtu anaibonyeza kama kawaida. Kikwazo chake ni nyutro, ule waya unaorudisha umeme. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili chipu iishi, na kwenye nyumba zetu kisanduku cha swichi mara nyingi kina waya wa moto unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa, basi. Fundi akikwambia atatumia eth, ule waya wa ardhini, badala ya nyutro, mshukuru umwoneshe mlango. Eth ipo kwa ajili ya hatari. Ukiifanya njia ya kila siku ya umeme, siku waya huo ukikatika, vyuma vilivyoungwa nao vinaweza kukupiga shoti.

Na LUKU, itapungua matumizi? Kidogo, na si kwa vile watu wanavyofikiri. Soketi yenyewe inakula, tuseme wati moja hivi, usiku na mchana. Hiyo ni uniti 0.024 kwa siku, kama 0.72 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutumia kiasi hicho cha siku ikiwaka saa mbili na dakika arobaini. Kwa hiyo kuinunulia balbu moja soketi ili "kuokoa umeme" ni kumfuata kuku aliyepotea kwa teksi. Faida ipo kwenye vitu vizito vinavyosahaulika, na kwenye zile soketi zinazopima. Chukua moja ya kupima, zungusha nyumba nzima, siku mbili kila kifaa. Hita ya kuchovya kwenye ndoo ya wati 1,500 ikisahaulika saa moja imekula uniti moja na nusu. Feni ya wati 50 ingezunguka saa thelathini kwa uniti hizohizo.

Ukiamua kununua, soma maandishi madogo ya mgongoni. Iseme volti 220 hadi 240, na pini ziwe tatu bapa kama za ukutani kwako, siyo za duara zinazohitaji adapta inayolegea na kupata moto. Ampea 10 kwa umeme wetu wa volti 230 ni wati 2,300 mwisho. Wakiandika ampea 16 usifurahi sana, kwa sababu soketi yenyewe ya ukutani ni ya ampea 13. Hita ya bafuni ya kuoga haimo kabisa kwenye habari hii. Nywila ya programu isiwe ileile ya ruta, kwa kuwa anayeingia humo anaweza kusoma saa unazoondoka na kurudi nyumbani.

Mpangilio mmoja ufanye siku hiyohiyo ya kwanza, umeandikwa mahali pa siri siri ndani ya programu: soketi ifanye nini umeme ukirudi baada ya kukatika. Iwashe, izime, au irudi ilivyokuwa? Kwa taa chagua irudi ilivyokuwa. Kwa chochote kinachotoa joto chagua izime. Hebu fikiria umeme umekatika ukiwa unapiga pasi, ukaondoka zako kwenda Sabasaba sokoni, huku nyuma umeme ukarudi wewe haupo.

Mama mdogo alikaa wiki mbili. Siku ya tatu alikigundua kile kitufe cha ubavuni, na toka hapo kila ilipofika saa mbili usiku alikuwa anainama nyuma ya kochi, "tik", anazima, anasema taa ya dari inatosha.