Mdundo wa kila siku wa jeni, na kinachoupata usingizi ukipungua

Binadamu ana jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini, na hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Kuna zinazoshika kasi asubuhi na kutulia jioni, na kuna zinazongoja usiku. Kupanda na kushuka huko, kunakojirudia kila baada ya takriban saa 24, ndiko kunaitwa mdundo wa kila siku wa jeni.

Mdundo huu huzaliwa ndani ya seli yenyewe. Protini za CLOCK na BMAL1 huziwasha jeni za PER na CRY. Protini za PER na CRY zikishakuwa nyingi hurudi kwenye kiini cha seli na kuzizuia CLOCK na BMAL1, kisha huvunjwavunjwa na mzunguko huanza upya. Saa kuu inayozioanisha seli zote iko ubongoni, na hurekebishwa na mwanga.

Kama saa hufuata mwanga, usingizi una kazi gani hapa? Kubwa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walichapisha vipimo vya damu vya watu 26 waliolala vya kutosha kwa wiki moja, na chini ya saa 6 kwa usiku katika wiki nyingine. Jeni 711 zilibadilika kiwango cha kazi, zikiwemo za kinga ya mwili na za kukabili msongo. Idadi hiyo ndiyo iliyotangazwa sana. Mimi naona kuna nyingine nzito zaidi: jeni zenye mdundo zilishuka kutoka 1,855 hadi 1,481, na hata zilizobaki nao, kiwango chao cha juu kabisa kilisogeleana na cha chini kabisa. Kwa hiyo jeni inaweza kuwa inafanya kazi bado, ila haitofautishi tena sana usiku na mchana.

Mwaka 2014 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya watu 22 waliowekwa kwenye ratiba ya siku ya saa 28, hadi usingizi wao ukaangukia mchana. Jeni zenye mdundo zilishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 1, ilhali mdundo wa melatonini, homoni inayoonyesha mwendo wa saa ya ubongoni, haukuvurugika. Saa kuu ilikuwa sawa. Seli za damu ndizo zilizoacha kuifuata. Hivyo muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku anaweza kulala saa 8 kamili mchana na bado jeni zake zikapoteza mpangilio.