Solo ya Tuba kwa Usaili wa Chuo cha Muziki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Utungo mgumu kuliko yote ndio unaolivutia jopo.

Hii ndiyo dhana inayowaponza waombaji wengi, na inafaa ichunguzwe kwa makini. Koncheto ya tuba ya mtunzi Ralph Vaughan Williams, yaani utungo wa ala hiyo kubwa ya kupuliza yenye sauti nzito ikipigwa pamoja na okestra, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1954, ni utungo mzuri mno, na ni rahisi kuelewa kwa nini kijana anautamani. Hata hivyo, walimu wanaoketi kwenye jopo wameusikia mara nyingi, na wanajua mahali hasa ambapo mpigaji asiye tayari hukwama. Wanachosikiliza kabla ya kasi ya vidole ni uzuri wa sauti, usahihi wa noti, uthabiti wa mapigo na jinsi mpigaji anavyoupa muziki maana. Ukweli ni kwamba utungo wa kiwango cha kati uliopigwa kwa utulivu hueleza uwezo wa mwombaji vizuri zaidi kuliko utungo mkubwa unaomwacha akihema. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ikiwa miezi miwili kabla ya usaili bado unapambana na noti zenyewe, utungo huo uache kwa sasa, kwa sababu muda uliobaki unapaswa kuwa wa kuujenga muziki.

Dhana: Sehemu ya polepole ni ya kujazia muda tu.

Kinyume chake, sehemu ya polepole ndiyo inayomfichua mpigaji. Tuba hula pumzi nyingi, hasa kwenye noti za chini zinazopigwa kwa nguvu, kwa hiyo hakuna anayeweza kumaliza kishazi kirefu cha muziki bila kupanga mahali pa kuvuta hewa. Sikiliza anayevuta pumzi katikati ya wazo la muziki kwa sababu tu imemwishia: noti iliyotangulia hukatwa ghafla, inayofuata huanza kwa mshtuko, na sauti hushuka kidogo chini ya ile ya piano inayomsindikiza. Mwingine huweka alama za pumzi kwa penseli kwenye karatasi yake tangu wiki ya kwanza, akazifuata kila siku za mazoezi, na siku ya usaili hakuna anayeona kwamba alipumua. Tofauti hiyo jopo huisikia katika mistari minne.

Dhana: Piano ni ya kusindikiza, haina uzito katika uchaguzi.

Sonata ya mtunzi Paul Hindemith ya mwaka 1955, utungo wa tuba na piano, inatosha kuikanusha dhana hii, kwa kuwa sehemu yake ya piano ni ngumu na mazungumzo kati ya ala hizo mbili hayavumilii mazoezi ya dakika za mwisho. Asiyeweza kumpata mpiga piano mzuri mapema afikirie utungo wa tuba peke yake, kama ule wa Walter Hartley wenye sehemu nne fupi zinazotofautiana tabia, ila kwanza ahakikishe kwamba chuo kinaukubali. Lakini asidhani kwamba huo ni mteremko, maana bila piano hakuna kinachofunika noti iliyopotoka au pigo lililoyumba.

Dhana: Bila tuba ya F huwezi kushindana.

Ni kweli kwamba tungo zenye noti za juu, ikiwemo ile koncheto, mara nyingi hupigwa kwa tuba ya F au ya E-flati, ambazo sauti yake ni ya juu kuliko ya tuba nyingine. Hata hivyo, kuazima ala ngeni wiki chache kabla ya usaili huharibu mengi kuliko inavyotengeneza, kwa sababu vidole na midomo vimezoea ala nyingine. Chagua utungo unaokaa vizuri kwenye tuba uliyo nayo.

Dhana: Ni lazima kuandaa utungo mzima.

Soma masharti ya kila chuo, kwani vingine hutaja sehemu maalumu au hutaka sehemu mbili zinazotofautiana. Wasaili pia wana haki ya kukukatiza, na kufanya hivyo si dalili ya kukukataa. Mara nyingi huwa wamekwisha kusikia walichokihitaji na wanataka kubakiza muda wa skeli (ngazi za noti) na wa kusoma noti papo hapo.