Dakika tatu zako huishia wapi?

Mchezaji hodari wa sataranji akikwama kwenye michezo ya haraka mtandaoni, mara nyingi hutafuta ufunguzi mpya. Vijana wanaonijia hapa Lamu karibu wote huanzia hapo. Huyu anataka mtego wa hatua ya saba, yule ametazama video ya mchezaji wa Ulaya na anataka kucheza kama yeye. Kabla ya yote hayo mimi huomba kitu kimoja: nionyeshe michezo uliyoshindwa wiki hii, tutazame saa kwanza, kete baadaye.

Nazungumza na mtu ambaye tayari anajua kucheza. Lichess, tovuti ya bure ya sataranji, humpa mgeni alama 1500. Huyu amepita 2000 kwenye blitzi, yaani michezo ya dakika chache, anaona uma wa farasi (farasi mmoja kutishia kete mbili) bila kuutafuta, na kwenye mchezo wa nusu saa anaweza kumsumbua yeyote. Lakini mpe dakika tatu za mchezo mzima na utamwona akifika hatua ya ishirini na tano akiwa na nafasi nzuri na sekunde kumi tu. Kisha analaumu vidole.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Dakika tatu bila nyongeza ya sekunde kwa kila hatua ni sekunde 180. Mchezo wa hatua arobaini unakupa wastani wa sekunde nne na nusu kwa hatua. Wastani huo lakini haumsaidii mtu, kwa sababu hatua hazina uzito sawa, na aliye hodari huumia kwa kuzigawia sekunde zake kana kwamba zina uzito sawa. Lichess wana grafu ya muda chini ya kila mchezo uliokwisha, inayoonyesha kila hatua ilikula sekunde ngapi. Ni bure, kama vitu vyao vyote, na ajabu ni kwamba wengi hawajawahi kuifungua.

Nichukue mchezo mmoja wa kijana wa mtaa wa Langoni ambaye amekuwa akija kwangu. Alikuwa na nyeupe, akacheza ufunguzi uitwao mfumo wa London (herufi na namba ni majina ya miraba): kitunda d4, askofu f4, kitunda e3, farasi f3. Mweusi akamleta askofu wake d6, kijana akarudi g3, mweusi akamla askofu pale g3. Hapo kijana ana njia mbili za kulipa, yaani kumla aliyemla askofu wake: kwa kitunda cha h au kwa kitunda cha f. Alikaa sekunde kumi na moja. Nikamuuliza alikuwa akiwaza nini. "Mwalimu, kila siku nalipa kwa h, lakini nilitaka kuhakikisha."

Sekunde kumi na moja kuhakikisha jambo analolifanya kila siku! Kulipa kwa h kunapeleka kitunda upande wa katikati na kumfungulia ngome wa h1 njia iliyonyooka kumwelekea mfalme mweusi aliyejificha upande huo. Kwa kuwa nyeupe bado hajamficha mfalme wake (mfalme na ngome kusogea pamoja kwa hatua moja), ndiyo njia ya kawaida katika nafasi hizi. Uamuzi wa aina hii hufanyiwa nyumbani mara moja, umeketi na chai yako, unaelewa sababu na unaachana nao. Kwenye blitzi unatekeleza tu.

Sasa tazama hatua ya ishirini na tatu ya mchezo huohuo. Mpinzani alimpa malkia wabadilishane. Kijana alikubali kwa sekunde mbili. Walipotoka malkia, ikabaki nafasi ambayo vitunda vyake vya upande wa malkia vilikuwa vimetawanyika na mpinzani alikuwa na kitunda kinachokimbia. Alishindwa pale, ingawa mchezo uliendelea hatua nyingi mbele. Zile sekunde kumi na moja zilistahili kutumika hapa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa mtu ni kuzitambua hatua zisizorudi nyuma. Kubadilishana malkia hakurudi nyuma. Kitunda kilichosogea hakirudi, hasa vitunda vilivyo mbele ya mfalme na vile vya katikati vinapogongana. Kutoa kete sadaka hakurudi. Ukifika hapo simama, tumia sekunde kumi, kumi na tano, hata ishirini ikiwa unazo. Kwingine kote, kama kete yako haipo hatarini na huoni cheki wala mlo wa kukuumiza, cheza hatua nzuri ya kwanza uliyoiona. Hatua bora kidogo iliyokula sekunde nane zaidi kwa kawaida ni hasara. Wachezaji makini huona uchungu kulikubali hili, kwa sababu wamefunzwa kwamba kuridhika na hatua ya kutosha ni uvivu.

Kuna wazee wa sataranji wanaosema blitzi huharibu mchezo. Siafikiani nao. Mtafiti Bruce Burns alichapisha utafiti mwaka 2004 akilinganisha matokeo ya blitzi na ya michezo mirefu, akakuta kwamba sehemu kubwa sana ya tofauti za uwezo kati ya wachezaji, hadi asilimia 81, inaonekana tayari kwenye blitzi. Maana yake, uwezo mwingi wa mchezaji ni kule kuona haraka. Mahesabu marefu huja juu yake. Watafiti Chase na Simon walikuwa wameonyesha kitu cha karibu na hicho mwaka 1973. Bingwa akionyeshwa nafasi ya mchezo halisi kwa sekunde chache huipanga upya karibu yote, lakini kete zikitawanywa ovyo ubaoni, ubingwa wake haumsaidii sana. Anakumbuka maumbo anayoyajua. Na Bobby Fischer, ambaye hakuna atakayemwita mchezaji wa juujuu, alikwenda mji wa Herceg Novi mwaka 1970 kwenye mashindano ya dakika tano akapata alama 19 kati ya 22. Aliyemfuata, Mikhail Tal, alikuwa na 14.5.

Ndiyo maana mazoezi ninayoyaamini ni ya mafumbo mepesi kwa wingi, siyo magumu machache. Mtu wa alama 2000 akinionyesha fumbo lililomtoa jasho dakika kumi na tano, nampongeza, lakini halitamsaidia sana kwenye dakika tatu. Kinachomsaidia ni kuona mara mia mfalme amefungiwa kwenye mstari wa nyuma, mara mia askofu na malkia wakilenga h7, mpaka asihitaji kuwaza. Lichess wana Puzzle Storm, dakika tatu za mafumbo yanayoanza mepesi na kupanda polepole. Nusu saa ya hayo, halafu urudie yale uliyokosea bila saa. Kurudia bila saa ndiko kunakofunza, na watu wengi wanakuruka.

Pia cheza mchezo mrefu mmojammoja. Maumbo mapya huingia kichwani ukiwa na muda wa kuyaelewa, na blitzi inayatumia baadaye.

Mwisho wa mchezo sitauharakisha, maana ndiko watu hodari wanakopoteza nusu alama za sare zilizokuwa mkononi. Kwenye mchezo ule wa kijana wa Langoni, mpinzani alikosea njiani na ikabaki ngome kwa ngome, mpinzani akiwa na kitunda kimoja cha ziada. Hiyo inaweza kuwa sare, na njia yake imejulikana tangu Philidor, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1777. Kijana alikuwa na sekunde sita. Alikuwa ameisoma, lakini kuisoma na kuwa nayo vidoleni ni mambo mawili.

Ipange ubaoni tuitazame. Anayejilinda awe mweusi. Mfalme wake yuko e8, mbele ya kitunda. Nyeupe ana mfalme d5, kitunda e5 na ngome h7. Ngome ya mweusi ikae kwenye safu ya sita, tuseme a6, na isitoke kwenye safu hiyo: hapo inamzuia mfalme mweupe asipande. Mweusi anasogeza ngome a6, b6, a6, anangoja. Siku kitunda kitakapokwenda e6, mfalme mweupe hana tena pa kujikinga na cheki za kutoka nyuma. Papo hapo ngome ishuke mpaka a1. Mfalme akija d6 kutishia kumaliza, ngome inampiga cheki kutoka d1, akihamia e5 inampiga kutoka e1, na hivyo hivyo. Sare. Wawili wakae, mmoja ashambulie na mwingine ajilinde, kila mmoja na sekunde ishirini, wabadilishane pande mpaka mkono ucheze wenyewe. Hakuna zoezi lililoleta nusu alama nyingi kwa wanafunzi wangu kuliko hili.

Sasa vidole. Hatua ya mapema, ile unayoipanga kabla ya zamu yako kufika, kwenye Lichess haili muda wowote, na Chess.com inakata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wengi huitumia kwa woga au kwa pupa. Kuna aina yake iliyo salama: kulipa kwenye mraba ambao kete yako mwenyewe imesimama. Mpinzani akiila, unalipa bila kupoteza muda. Asipoila, kete yako bado ipo pale, hatua haiwezekani, mtandao unaifuta na unawaza upya. Kitakachokuua ni hatua ya mapema ya kimyakimya, kama kusogeza malkia kwenye mraba mtupu, kwa sababu mpinzani akibadilisha mpango hatua yako itachezwa hivyohivyo na malkia ataliwa. Na kwenye mipangilio, weka kitunda kinachofika mwisho kigeuke malkia chenyewe. Kuchagua kwenye kidirisha ukiwa na sekunde mbili ni mateso ya bure.

Tunaoishi Mji wa Kale wa Lamu tuna shida moja ya ziada. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, kuta nene zenye baridi nzuri mchana, na mtandao wa simu hauzipendi. Kijana anaketi ndani kabisa ya nyumba, analaumu Lichess kwamba saa inamwibia. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji wa mtandao, lakini si wote, na mtandao unaopanda na kushuka hudhuru kuliko ule wa polepole unaotulia. Panda juu darini, au kaa ukumbi wa nje, tazama kiwango cha kuchelewa kinavyosomeka kwenye tovuti kabla ya kuanza, na usicheze dakika moja kama namba inarukaruka. Cheza dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua. Kwa hatua sitini hiyo inakupa sekunde 300, na ndio muda unaotumika kwenye ubingwa wa dunia wa blitzi.

Kuhusu hasira sina mengi. Ukishindwa miwili mfululizo na ukajiona unabonyeza mchezo mpya kabla hujaitazama grafu ya ule uliokwisha, zima simu uende ufukoni. Alama zako utazikuta.

Nyongeza ya sekunde mbili inanifurahisha kwa sababu nyingine pia. Baadhi ya vijana hawa wataketi siku moja mbele ya saa halisi, Mombasa au Nairobi, na mambo mengine kule hayasamehewi. Saa hubonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Ukitumia mikono miwili kwa hatua moja kisha ukabonyeza saa, kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zinaihesabu kuwa hatua haramu, na kwenye blitzi mpinzani anaongezewa dakika nzima, ukirudia, umeshindwa. Aliyezoea kumficha mfalme kwa kugusa kioo mara moja hujikuta ameshika mfalme kwa kulia na ngome kwa kushoto. Basi tunafanya mazoezi kwenye ubao wa mbao, saa ikiwa pembeni: mfalme kwanza miraba miwili, kisha ngome kuruka upande wa pili, mkono mmoja, halafu saa.