Castrol na mbio za magari: yanayosemwa na yaliyotokea

Kwa waliosimama kando ya barabara za Kenya wakisubiri vumbi la Safari Rally mwanzoni mwa miaka ya 1990, Castrol, oili ya injini, ni rangi nyekundu na kijani kwenye Toyota Celica nyeupe, na ndiyo maana wengi huamini kuwa mafuta haya yalizaliwa mashindanoni. Sivyo. Charles Cheers Wakefield alianzisha kampuni yake London mwaka 1899 akiuza vilainishi vya garimoshi na mitambo mizito, na jina Castrol halikusikika hadi 1909, magari na ndege zilipohitaji mafuta ya aina yake.

Jina hilo nalo limezaa dhana nyingine, kwamba oili iliyomo kwenye kopo la leo imekamuliwa kutoka mbarika, mmea ambao wengine huuita mnyonyo. Ni kweli kwamba jina limetokana na neno la Kiingereza la mafuta ya mbarika, castor oil, na kwamba Wakefield aliyachanganya kwenye bidhaa zake za mwanzo, kwa kuwa hung'ang'ania chuma hata injini inapochemka na hayayeyuki upesi katika petroli. Marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliyavuta puani kutwa nzima, na anayejua kuwa mbarika huharisha ataelewa masaibu yao. Kasoro yake ni kuganda: yakikaa ndani ya injini huacha utando unaonata, jambo linalovumilika kwa gari la mashindano ambalo injini yake hufunguliwa mara kwa mara, lakini si kwa gari la kwendea kazini. Kwa hiyo mbarika ilibaki kwenye mafuta ya mashindano, maarufu kwa harufu yake, ilhali oili ya kawaida ya magari leo hutokana na mafuta ghafi au hutengenezwa kiwandani kwa njia za kikemia.

Wapo pia wanaodhani kuwa udhamini wa Castrol katika mashindano ulianza na Toyota. Sivyo. Wakefield mwenyewe aligharimia boti ya Miss England II, ambayo Mwingereza Henry Segrave, dereva wa mbio, aliivunjia rekodi ya kasi majini katika Ziwa Windermere tarehe 13 Juni 1930, kisha akafa siku hiyo hiyo baada ya boti kupinduka.

Dhana iliyo ngumu kuing'oa ni kwamba ushindi wa gari ni ushahidi wa ubora wa oili iliyoandikwa ubavuni mwake. Mwaka 1993 dereva Mfini Juha Kankkunen alishinda Safari, na Toyota ikatwaa nafasi nne za kwanza. Mwaka uliofuata Mkenya Ian Duncan akashinda kwa Celica. Nembo ilionekana wazi, lakini nyuma yake kulikuwa na madereva, mafundi na bajeti nono. Mwaka 1995 timu ya Toyota ilifungiwa miezi kumi na miwili baada ya wakaguzi kugundua hila iliyoipa injini hewa zaidi ya iliyoruhusiwa, na hila hiyo ilikuwa kwenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini.