Mafua yameisha, homa imerudi: tunavyodanganyana kuhusu nimonia ya watoto

Kaa kwenye benchi la zahanati huku Ujiji msimu wa mvua, utatajiwa chanzo cha nimonia kabla hujauliza: baridi. Baridi ya ziwa, baridi ya kuogeshwa jioni, baridi ya kubebwa bila kofia. Siyo. Nimonia huletwa na vijidudu. Baridi inachofanya ni kutufungia wote chumba kimoja chenye moshi wa kuni, virusi vikapokezana kwa kikohozi na moshi ukamuumiza mtoto njia ya hewa.

Dhana ya pili naisikia hata kwa waliosoma: nimonia ni ya virusi au ya bakteria, lazima iwe moja. Mara nyingi ni vyote viwili, kimoja kikimfungulia mwenzake. Bakteria aitwaye nyumokokasi hukaa puani mwa watoto wengi wazima bila kuwadhuru, kama mgeni aliyeishia barazani. Anachozuiwa nacho ni vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vinavyofagia kamasi kwenda juu usiku na mchana. Virusi vya homa ya mafua vikiingia huua chembe zenye vinyweleo hivyo. Ufagio ukishakatika, wa barazani anaingia mpaka chumbani. Katika janga la mafua la 1918, wengi wa waliokufa walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya virusi.

Ushahidi unaonikosha zaidi umetoka Soweto, Afrika Kusini. Watoto walichanjwa dhidi ya nyumokokasi, bakteria tu, kisha watafiti wakahesabu waliolazwa kwa nimonia na kukutwa na virusi. Matokeo yalitoka 2004: walikuwa pungufu kwa 31% kuliko wasiochanjwa. Virusi vingekuwa peke yake, chanjo ile ingepunguza nini? Ndiyo maana sindano za chanjo hiyo, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, nazililia sana, ingawa hazizuii kila nimonia.

“Si mpime tu mjue ni kidudu gani?” Swali zuri, jibu linakera. Ukipangusa pua utampata nyumokokasi hata kwa mtoto anayecheza mpira. Picha ya kifua haitenganishi vizuri, na damu ikioteshwa maabara, mara nyingi haitoi kitu hata kama bakteria yupo mapafuni. Kwa hiyo mtoto mwenye dalili za nimonia hupewa amoksilini, antibayotiki ya kidonge cha kuyeyusha, bila kusubiri. Mafua matupu hayahitaji antibayotiki. Na wanaodai sindano kwa sababu “kidonge hakina nguvu”: kwa mtoto anayeweza kunywa na asiye na dalili za hatari, kidonge kinatosha.

Kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi? Kimeo hakihusiani na mapafu. Unamwongezea mtoto kidonda na damu kumwagika, basi.

Wiki moja alikuja bibi na mjukuu wa miezi minane. Mafua yalikuwa yameisha Jumatatu, mtoto akacheza, Alhamisi homa ikarudi juu.

“Ni baridi ya ziwa tu, mwanangu.”

“Tuhesabu pumzi kwanza, bibi. Fungua khanga.”

Mtoto alikuwa amesinzia. Niliweka simu pajani, dakika nzima, macho kwenye tumbo linavyopanda. Chini ya mbavu palikuwa hapabonyei, afadhali. Pumzi 58. Umri huo, kuanzia 50 ni za haraka mno. Chini ya miezi miwili ni 60, na mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Angekuwa hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au haamki, ningempeleka hospitali saa ileile.

Nikamwonyesha namna ya kuyeyusha kidonge kwenye kijiko, na kwamba asikomee siku homa itakaposhuka. Akafunga dawa kwenye pindo la khanga.

“Sasa kofia nimvue?”

“Mwache nayo, bibi.”