Huu si ugomvi wa Isaka na Ishmaeli

"Waisraeli na Wapalestina wanapigana tangu Isaka na Ishmaeli." Kauli hii huniuma, kwa sababu anayeiamini huishia kusema tumwachie Mungu. Ukweli ni kwamba ugomvi huu una umri wa miaka mia na ushei, na mzizi wake ni ardhi. Sisi wa Afrika Mashariki tulipaswa kulielewa hilo upesi. Mwaka 1903 Uingereza ilijitolea kuwapa Wazayuni, yaani wanaharakati waliowatafutia Wayahudi nchi yao, eneo la Uasin Gishu, Kenya ya leo, bila kuwauliza wenyeji; mkutano wao ukalikataa mwaka 1905. Mwaka 1917 Uingereza hiyohiyo, kwa Azimio la Balfour, ikaahidi makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina, ambako wakazi wengi walikuwa Waarabu, Waislamu kwa Wakristo. Vita vya 1948, Israeli ilipoanzishwa, viliwang'oa Wapalestina zaidi ya 700,000 makwao.

Wapo pia wanaodhani Wapalestina ndio Wafilisti wa Goliathi. Jina la nchi ndilo lililotokana na Wafilisti, si watu wenyewe. Hawa ni Waarabu, na baadhi yao ni Wakristo wa Bethlehemu.

"Hawawezi kuishi pamoja." Katika mji wa Hebron, Palestina, mwaka 1929, Wayahudi 67 waliuawa, lakini wengine wengi walipona kwa kufichwa na majirani zao Waarabu. Na kati ya Yerusalemu na Tel Aviv kuna kijiji cha Neve Shalom, kwa Kiarabu Wahat al-Salam, ambako familia za Kiyahudi na za Kipalestina zimeishi kwa hiari tangu miaka ya 1970, na watoto wao husoma kwa lugha zote mbili.

Dhana inayodhuru zaidi ni hii: amani kwanza, haki itafuata. Katika Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina linalokaliwa na jeshi la Israeli, kijana wa Kipalestina akirusha jiwe hupelekwa mahakama ya kijeshi. Mtoto wa mlowezi wa Kiisraeli wa kilima cha pili, kwa kosa lilelile, hushtakiwa kwa sheria za kiraia. Baada ya mkataba wa Oslo wa 1993 kati ya Israeli na Wapalestina, makazi ya walowezi yaliendelea kupanuka. Ujirani gani utasimama hapo?

Tena huambiwa ukiwalilia wa Gaza umewasaliti waliouawa Oktoba 7, 2023. Siku hiyo waliuawa watu wapatao 1,200, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Huko Gaza wameuawa makumi ya maelfu, watoto wengi mno. Mimi nawalilia wote. Wafiwa wa pande zote mbili wa Parents Circle, kundi lililoanzishwa mwaka 1995, hufanya hivyo: kwa miaka mingi wameingia pamoja madarasani, Muisraeli na Mpalestina, kila mmoja akisimulia aliyempoteza.