Je, wajua kwa nini watu waliijua sura ya F-19, ndege ambayo haikuwahi kuundwa?

Mwaka 1986 kampuni ya Testor ya Marekani, inayojulikana kwa rangi, gundi na modeli za plastiki za kuunganisha, ilitoa boksi lililoandikwa F-19. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya kivita kwa kipimo cha 1 kwa 48, yaani sentimeta moja ya plastiki inasimama badala ya sentimeta 48 za ndege yenyewe. Mwili wake ulikuwa laini na wa mviringo, na mapezi mawili ya mkia yaliinamia ndani. Boksi hilo liliuzwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka huohuo mbunge Ron Wyden wa jimbo la Oregon aliuliza kwenye kikao cha kamati ya Bunge la Marekani inakuwaje modeli ya ndege ambayo wabunge wenyewe hawaruhusiwi kuiona inauzwa madukani.

Ndege iliyokuwa kwenye boksi lile haikuwepo. Ndege ya siri, F-117 ya kampuni ya Lockheed, ilikuwepo kweli, tena ilikuwa imesharuka kwa miaka mitano, ila haikufanana na modeli wala haikuitwa F-19. Basi jina lilitoka wapi, na ile sura ilitoka wapi? Kila kimoja kina asili yake.

Tuanze na jina. Tangu Septemba 1962 majeshi yote ya Marekani yanafuata utaratibu mmoja wa kuzipa ndege majina: herufi inayoonyesha kazi, kisha namba kwa zamu. Herufi F ni ya ndege za kupambana angani. Zikaja F-14, F-15, F-16, halafu F/A-18 ya Jeshi la Majini. Mwaka 1982 ndege ya Northrop iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, ambayo mwanzoni iliitwa F-5G, ikapewa namba F-20. Ya 19 ikarukwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, Agosti 1980, katikati ya kampeni za uchaguzi wa rais, Waziri wa Ulinzi Harold Brown alitangaza hadharani kwamba Marekani imepata teknolojia ya kuifanya ndege isinaswe kirahisi na rada. Hakusema ndege gani, wala hakuonyesha picha. Wafuatiliaji wa mambo ya anga wakawa na ndege isiyo na namba mkono mmoja, na namba isiyo na ndege mkono wa pili. Wakaviunganisha. Kumbe 20 iliombwa na Northrop wenyewe, na 19 haikupewa ndege yoyote. Kwenye mfululizo huohuo F-13 nayo haipo, lakini hakuna aliyeitungia hekaya, kwa sababu hapakuwa na tangazo la waziri la kulijaza pengo lile.

Sura nayo haikubahatishwa ovyo, na hapa John Andrews, mbunifu wa modeli ile, anastahili heshima kuliko anayopewa. Rada hutuma mawimbi, kisha husubiri yale yanayorudi. Pale uso mmoja unapokutana na mwingine kwa pembe mraba, kwa mfano pezi la mkia lililosimama wima juu ya bawa, mawimbi hugonga huku, yakagonga kule, yakarudi moja kwa moja yalikotoka. Hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote kwa mtu wa rada. Mdomo wa injini nao ni mbaya, kwa sababu mapanga yake yanayozunguka hurudisha mawimbi kwa nguvu. Hayo yote yalikuwa yanajulikana. Tena ndege ya upelelezi ya SR-71, iliyotengenezwa na Lockheed miaka ya 1960, ilikuwa na kingo bapa ubavuni na mapezi yaliyoinamia ndani, na ilijulikana kuwa sehemu ya sababu ilikuwa kupunguza mwangwi wa rada. Mtu akichukua SR-71, akaifupisha, akailainisha na kuzificha injini, anapata F-19 ya Testor. Ni makisio ya mtu anayeijua fizikia.

Walichokikosa wengi ni kikwazo kimoja cha wahandisi wa Lockheed: kompyuta zao.

Mwaka 1962 mwanafizikia wa Kisovieti Pyotr Ufimtsev alichapisha kazi kuhusu jinsi mawimbi yanavyotawanyika kwenye kingo za umbo. Jeshi la Anga la Marekani liliitafsiri mwaka 1971. Ilikuwa hesabu nzito, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeona ina faida gani kwa ndege, mpaka Denys Overholser, mtaalamu wa hesabu katika kitengo cha Skunk Works cha Lockheed, alipoisoma. Akaona kwamba umbo likigawanywa kuwa vipande bapa vya pembe tatu na pembe nne, mwangwi wa kila kipande unaweza kukokotolewa peke yake, kisha ukajumlishwa na mwingine. Programu iliyofanya kazi hiyo iliitwa Echo 1. Kompyuta za wakati ule ziliweza kumaliza hesabu ya vipande bapa. Uso wa mviringo, ambao pembe yake inabadilika kila sehemu, ulizishinda. Ndiyo maana ndege halisi ilitoka na mapande kama almasi iliyochongwa.

Kila kipande kiliinamishwa ili mawimbi yanayotoka mbele yarushwe pembeni au juu, mbali na mpokeaji. Mabawa yalilazwa nyuma kwa nyuzi 67.5. Mapezi mawili ya mkia yaliinamia nje, kinyume kabisa na ya Testor. Umbo hilo ni baya mno kwa hewa. Bila kompyuta inayosahihisha usukani muda wote, rubani asingeweza kuidhibiti. Midomo ya injini ilizibwa kwa wavu wenye matundu ya takriban sentimeta 1.5, kwa sababu rada nyingi za kuongozea makombora zina wimbi la karibu sentimeta 3, na wimbi la ukubwa huo haliwezi kupenya kwenye tundu dogo kama lile. Wavu nao ukaleta tatizo lake: barafu iliganda juu yake na kuinyima injini hewa. Ikabidi kuwekwe kifutio kama cha kioo cha gari na taa ya kumulikia, rubani aangalie usiku kama kumeganda.

Usahihi uliotakiwa unaonekana vizuri kwenye tukio moja alilolisimulia Ben Rich, aliyekuwa mkuu wa Skunk Works. Siku moja kwenye majaribio, ndege ambayo ingetakiwa isionekane ilinaswa na rada kutoka umbali wa maili 50. Walipokagua walikuta skrubu tatu hazijakazwa sawasawa, vichwa vyake vimechomoza kwa chini ya milimita 3. Zilipokazwa, mwangwi ukatoweka. Rich alikuwa na desturi ya kubeba gololi za chuma na kuzibingirisha juu ya meza za majenerali, ili waone ndege nzima itatoa mwangwi wa ukubwa gani.

Ndege ya majaribio iliyoitwa Have Blue iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Desemba 1977, na ndege kamili, F-117, ikaruka tarehe 18 Juni 1981. Siri ilitunzwa kwa taratibu za kila siku kuliko kwa uongo mkubwa. F-117 ziliwekwa Tonopah, jangwani Nevada, na marubani walibebwa kwa ndege kutoka Las Vegas siku ya Jumatatu na kurudishwa kwa familia zao Ijumaa. Milango ya mabanda haikufunguliwa mpaka giza liingie. Kikosi chao kilikuwa pia na ndege za kawaida za A-7, zilizowapa jibu pale mtu akiuliza wanarusha nini. Ubaya wa mpango huo ni uchovu: kuruka usiku wiki nzima, kisha kuishi mchana mwishoni mwa wiki, ni mzigo kwa mwili wa binadamu. Ndege moja ilianguka usiku wa tarehe 11 Julai 1986 karibu na Bakersfield, California, na rubani akafa. Jeshi liliufunga msitu ilikoangukia, likakataa kusema kilichoanguka ni nini. Magazeti yakaandika F-19. Uvumi ulikuwa sahihi kuhusu jambo lenyewe na ukakosea jina.

Tarehe 10 Novemba 1988 Wizara ya Ulinzi ilitoa picha moja yenye ukungu na kulitaja jina F-117. Hata hapo watu walipotezwa. Picha ilipigwa kutoka mbele kwa pembe iliyofanya mabawa yaonekane hayajalala sana nyuma, na michoro mingi ya wiki zilizofuata ilikosea umbo. Umma uliiona kwa macho Aprili 1990, kwenye uwanja wa ndege za kijeshi wa Nellis, Nevada. Kwa upande wa jina, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ndege za Kisovieti zilizorushwa kwa siri Nevada zilipewa namba za 110 na kuendelea, na 117 ilikaa kwenye kundi hilohilo ili isishtue mtu.

Kampuni ya MicroProse, iliyokuwa imeshatoa mchezo wa kompyuta wa F-19 mwaka 1988, ilitoa mwingine mwaka 1991 ukiwa na F-117. Jambo linalonivutia zaidi ni modeli ya Testor ya 1987, ndege ya kufikirika ya Warusi iliyoitwa MiG-37. Hiyo ilichorwa kwa mapande bapa. Ukiiweka kando ya F-117 halisi, inafanana nayo kuliko F-19 ilivyofanana. Na ile ya mviringo nayo haikuwa upuuzi: Northrop ilikuwa ikirusha kwa siri tangu Februari 1982 ndege ya majaribio yenye mikunjo laini, Tacit Blue, iliyotangazwa mwaka 1996. Kompyuta zilipopata nguvu, mviringo ukarudi kwenye B-2, ndege ya kudondosha mabomu ya Northrop.

F-19 ilipozimika, nafasi yake ikachukuliwa na Aurora. Hii ilizaliwa kwenye karatasi za bajeti. Februari 1985 neno hilo lilionekana kwenye maombi ya fedha ya Wizara ya Ulinzi, likiwa na takriban dola milioni 80, na mwaka uliofuatia zaidi ya bilioni 2. Watu wakaanza kusema kuna ndege ya upelelezi inayokwenda mara sita ya kasi ya sauti. Agosti 1989 mfanyakazi wa kisima cha mafuta katika Bahari ya Kaskazini, mtu aliyefunzwa kutambua ndege, aliona pembetatu ikijazwa mafuta angani pamoja na ndege mbili za kivita za F-111. Mwaka 1991 na 1992 mitambo ya kupimia matetemeko kusini mwa California ilinasa mishindo ya kitu kinachopita kwa kasi kuliko sauti.

Habari ya ndege kama hii ina njia ya kuipima. Mara sita ya kasi ya sauti, kwenye kimo cha kilomita 30, ni karibu kilomita 6,500 kwa saa. Rubani akikata kona inayoukandamiza mwili wake mara mbili ya uzito, duara lake lina kipenyo cha karibu kilomita 380. Kwa hiyo anayesema aliiona ikizunguka juu ya mji kwa kasi hiyo aliona kitu kingine. Halafu uliza mafuta. SR-71 ilitumia mafuta maalumu ya JP-7, na ilihitaji ndege zake za kubeba mafuta, KC-135Q. Mtandao kama huo una mabohari, matangi na watu, na ni vigumu kuuficha kuliko ndege yenyewe.

Ben Rich alieleza baadaye kwamba Aurora lilikuwa jina la siri la fedha za ushindani wa B-2. Maelezo hayo yana doa, maana Northrop walishapata mkataba wa B-2 tangu 1981. Ila kuna ushahidi mzito zaidi ya maneno yake. Jeshi la Anga liliistaafisha SR-71 mwaka 1990, na wenye kuamini Aurora wakasema hiyo ndiyo dalili kwamba mrithi yupo. Mwaka 1994 Bunge la Marekani likatenga dola milioni 100 kuzirudisha kazini SR-71 tatu, ndege zilizoanza kuruka miaka 30 nyuma, kwa sababu hapakuwa na nyingine ya kufanya kazi yao.